Nimemsamehe baba mdogo, lakini shamba bado analo

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 34, nakaa kijijini wilaya ya Chamwino. Baba alifariki miaka minne iliyopita akamwacha mama na sisi watoto watatu. Mimi ndiye mkubwa. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa letu, ameng'oa minyaa ya mpakani na kuuza kipande cha shamba la baba kwa mtu wa mjini, Mwislamu wa Kondoa, ambaye tayari amechimba msingi. Nilipolalamika akasema shamba ni la ukoo. Kanisani wananiambia nimwachie Mungu, Mkristo hampeleki Mkristo mwenzake barazani, na imeandikwa tukae kwa amani na watu wote. Nimesema nimesamehe. Lakini nikimwona njiani nageuza njia, shikamoo haitoki, na watoto wake nimewaambia wasikanyage kwetu. Je, nikienda baraza la ardhi natenda dhambi? Na Meza ya Bwana nishiriki au nisishiriki?

JIBU:

Amina, binti yangu. Poleni na msiba wa baba. Miaka minne si mingi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya mwisho nilimsomea mama wa hapa nyumbani, kwa sababu yeye husikia kwenye barua za watu mambo ambayo mimi hupita juu yake. Alichosikia nitakueleza baadaye. Kwanza nikujibu ulichouliza, usije ukasoma haya yote ukiwa umeshika roho mkononi: kwenda baraza la ardhi si dhambi. Unaweza kwenda ukiwa umesamehe, na unaweza kukaa nyumbani ukiwa umejaa chuki. Kazi ngumu haipo kwenye njia ya kwenda barazani. Ipo kwenye ile njia unayoigeuza ukimwona baba mdogo.

Mstari waliokurushia ni Warumi 12:18, na mimi nashukuru wameutaja, maana ndio utakaokutoa. Usome wote: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Paulo ameweka maneno mawili mlangoni kabla hajatuingiza ndani: kama yamkini, na kwa upande wenu. Alijua kuna siku haitayamkinika. Alijua amani ina pande mbili, na hakumtwika mtu mmoja pande zote mbili. Hao wanaokuambia "tukae kwa amani na watu wote" wameanza kusoma katikati ya sentensi. Wamekubebesha upande wako, halafu wakakuongezea na wa baba mdogo.

Nimefanya kazi ya uchungaji miaka 31, Mpwapwa, Kongwa na huko kwenu Chamwino, kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanyika mimbarani. Ilifanyika chini ya miti, nimekalia kigoda, katikati ya watu wa damu moja wasiotazamana. Zamani walikuwa wanagombania mbuzi na mahari. Siku hizi ni ardhi. Iliamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje Dodoma, lakini kwa miaka zaidi ya 40 jambo lilikwenda polepole, na mashamba yetu ya uwele yakabaki mashamba ya uwele. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhama kwelikweli, na Dodoma ikawa jiji 2018, shamba ambalo mtu alimwachia mdogo wake bure alime karanga limegeuka viwanja. Watu hawakubadilika tabia usiku mmoja. Jaribu lilikuja na bei. Nakueleza haya usije ukamwona baba yako mdogo kama mtu wa ajabu aliyezaliwa mbaya. Ni mtu aliyejaribiwa, na kama mambo ni kama ulivyoandika, ameanguka.

Na anguko hilo Biblia inalitaja kwa jina. Kumbukumbu la Torati 27:17: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina." Tazama hiyo Amina walipewa akina nani. Hakupewa aliyeng'olewa minyaa yake peke yake. Walipewa watu wote. Mpaka ukiondolewa, kusanyiko zima linatakiwa kufungua mdomo, na hapo ndipo kanisa lako limekuacha, binti yangu. Nasema hivyo kwa uchungu maana ni kanisa langu pia. Tumekuwa wepesi wa kumwambia anayelia anyamaze, kwa kuwa kilio chake kinatuharibia ibada, na tumekuwa wazito wa kumwendea aliyemliza, hasa akiwa mzee wa kanisa anayekaa benchi la mbele. Yeremia aliwaona watu wa namna hiyo. Wanaponya jeraha kwa juu juu tu, wakisema, Amani, amani, wala hapana amani. Mtu wa huku kwetu anaelewa haraka: mwiba ukibaki ndani na ngozi ikajifunga juu yake, usiku hulali.

Sasa hili la Mkristo kutompeleka Mkristo mwenzake barazani. Wanalitoa 1 Wakorintho 6, na sura hiyo ni kweli ipo na ni kali. Lakini soma inamkaripia nani. Paulo anawaona aibu Wakorintho kwa sababu kati yao hakupatikana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua neno la ndugu na ndugu yake. Karipio la kwanza ni la kanisa lisilo na msuluhishi. Kisha mstari wa 8 anawageukia wenye kudhulumu na kunyang'anya, "naam, hata ndugu zenu." Sijaona mahali anapomwambia mjane anyamaze ili mnyang'anyi apumue. Paulo mwenyewe alipopigwa bila hukumu kule Filipi, kisha wakubwa wakataka aondoke kimya kimya, alikataa. Alitaka waje wenyewe kuwatoa. Na alipoona haki yake inachezewa Kaisaria, alikata rufaa kwa Kaisari.

Umebaki mstari wa 7, na huo sitaukwepa: mbona si afadhali kudhulumiwa? Ni neno la Mungu, na kuna watu wameliishi. Nimemwona mtu akimwachia kaka yake shamba zima, akaenda kuanza upya porini kule Bahi, na uso wake ulikuwa wa mtu huru. Ungekuwa peke yako kwenye shamba hilo, ningekuambia piga magoti, na ukisikia ndani yako uhuru wa kuachilia, achilia. Lakini hauko peke yako. Kuna mama. Kuna wadogo zako wawili. Shavu la kugeuza ni la kwako mwenyewe. La mama yako huwezi kumgeuzia. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote kaa na mama na wadogo zako, waulize wao wanataka nini. Kwenye barua yako sikuiona sauti ya mama yako hata mara moja. Umeandika "nilipolalamika", "nimesema nimesamehe". Mama anasemaje?

Isaka mwana wa Abrahamu anafaa kusomwa na watu wa nchi kavu kama sisi. Mwanzo 26. Watumishi wake wanachimba kisima bondeni, wenyeji wanakuja: maji ni yetu. Anakiita Eseki, ugomvi, anaondoka. Anachimba cha pili, wanagombana tena, anakiita Sitna, uadui, anaondoka. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, nafasi. Sisi tunaojua kuchimba mchanga wa korongo kiangazi, mkono unaingia mpaka begani kutafuta kikombe kimoja cha maji, tunajua kuacha visima viwili si mchezo. Watu humhubiri Isaka kama mfano wa kunyamaza. Lakini mimi nasoma na kilichofuata: Abimeleki, mfalme wa wale wale waliomfukuza, anamfuata, na Isaka hamchekei tu. Anamuuliza usoni: mbona mmenijia, nanyi mmenichukia na kunifukuza kwenu? Alisema. Kisha akawaandalia karamu, wakala wakanywa, asubuhi wakaapiana. Mapatano yao yalianza na swali gumu likaulizwa waziwazi, na chakula kikafuata.

Ngoja nikusimulie langu, maana nisingekuwa na haki ya kukuandikia haya kama lisingenipata.

Nikiwa bado kijana Kongwa, ng'ombe wa jirani yangu waliingia usiku kwenye mtama wangu ukiwa umebakiza wiki mbili uvunwe. Asubuhi nilikuta mabua. Nilimtumia mtu, hakuja. Hakuomba radhi. Basi nikamfuta. Kwa misimu mitatu nikimwona anakuja barabarani najifanya nafunga kamba ya kiatu, au nakata kupitia kwenye vichaka. Na Jumapili nikahubiri samehe saba mara sabini, naye yuko nyuma upande wa wanaume, anatazama chini. Mke wangu ndiye aliyechoka. Akaniambia siku moja kwamba hawezi kuendelea kumpikia mtu anayekula mkate wa Bwana na mkono uliokunjwa.

Nikaenda asubuhi na mapema. Nikabisha kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi, mwenye nyumba hayupo, yuko zizini. Mke wake akanipa kigoda na kikombe cha uji wa uwele, akakaa mbali. Jirani alipokuja alinawa mikono muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Sikuwa nimejipanga, nikamwambia tu: nimekaa misimu mitatu na hasira juu yako kwa ajili ya mtama, na nimekuja. Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na ngozi ya ndama, ndogo, ile ambayo mtoto wake wa mwisho alikuwa analalia. Akaitandika mbele yangu. "Na huyu, Pasta?"

Kumbe mwanangu, wiki chache kabla ya ule usiku, alimrushia jiwe ndama wake akamvunja mguu, wakamchinja. Mtoto alikimbilia nyumbani kwangu, na jirani aliamini kwamba niliambiwa. Alisubiri nije niseme pole. Alikaa anasubiri, akiniona napanda mimbarani kila Jumapili. Usiku ule ng'ombe walipovunja boma hakuwafungulia yeye, hilo aliapa, lakini alipoamka na kusikia wako upande wangu hakuharakisha.

Misimu mitatu nilikuwa nashika kesi ambayo nusu yake siijui. Yule ndama nilimlipa, kwa awamu, maana mshahara wa mchungaji unaufahamu. Mtama hakunilipa, hata leo. Lakini mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na jembe begani kuchimba kaburi.

Sisemi baba mdogo naye ana ngozi ya ndama ndani. Inawezekana hana, ni tamaa tupu. Lakini amesema neno moja, "shamba ni la ukoo", na wewe umelipita haraka. Muulize mama: shamba hilo marehemu alilipataje? Alilifyeka mwenyewe, alinunua, au babu aliwaachia wote wawili halikugawanywa? Baba yako alipougua, nani alilipa hospitali? Nimekutana na mambo haya zaidi ya mara moja: mdogo mtu aliuza ng'ombe wake kumuuguza kaka, hakuna aliyeandika, hakuna aliyesema asante, na kwenye moyo wake deni limejilipa kwa shamba. Hata likiwa hivyo alikosea, maana deni linadaiwa mbele ya watu, halijilipi usiku kwa kung'oa minyaa. Lakini ukilijua, utaongea naye kwa namna nyingine.

Na kama hakuna deni, ukweli unabaki palepale: kusamehe hakumpi mtu hati ya mali aliyochukua. Zakayo aliposimama mbele ya Bwana hakusema "nisameheni, na vilivyoko kwangu viendelee kukaa." Alisema anarudisha mara nne. Wazee wetu walioguswa na ule uamsho uliotokea Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na hapa kwetu walilielewa sana hili. Mtu akiokoka, wiki hiyo hiyo anaonekana njiani amebeba jembe la watu anarudisha. Toba ilikuwa na miguu. Wimbo tumeurithi, ila miguu naona imetupungukia.

Katika watu wa uamsho huo alikuwemo Festo Kivengere, Mganda aliyekuja kufundisha shule hapa hapa Dodoma miaka ya 1940, kabla hajawa askofu wa Kigezi kwao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akajua zamu yake imefika. Yeye na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku mpaka Rwanda. Baadaye aliwaambia watu waziwazi kwamba amemsamehe Amin. Watu wengi walishangazwa na msamaha huo, na ni wa kushangaza. Mimi huyatazama yote mawili kwa pamoja: alisamehe, na alikuwa amevuka mpaka. Hakurudi Kampala kumkabidhi Amin shingo yake ili kuthibitisha kwamba amesamehe. Alirudi 1979, Amin alipokwisha kuondoka. Ukiambiwa na mtu kwamba usipomwachia baba mdogo shamba basi hujasamehe, mkumbuke huyu.

Mambo ya sheria nitayapitia upesi, ila usiyadharau, maana ujinga wa sheria umewagombanisha ndugu wengi kuliko ubaya. Kama mirathi ya baba haijafunguliwa, anzeni hapo. Ukoo unakaa kikao, unamteua msimamizi wa mirathi, anaweza kuwa mama au wewe, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, mnaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Bila msimamizi, utaambiwa huna mamlaka ya kudai mali ya marehemu, hata ukilia. Kisha, ikiwa eneo lenu bado ni ardhi ya kijiji, mauziano yalitakiwa kupita kwenye Halmashauri ya Kijiji. Nenda ofisini uulize kwa adabu kama yalipita. Kijiji kina Baraza la Ardhi la watu saba, watatu kati yao wanawake, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kazi ya baraza hilo ni kuwakalisha watu wapatane. Hata Baraza la Kata, tangu sheria ilipobadilishwa 2021, haliamui tena. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 ndipo shauri linaweza kwenda baraza la wilaya. Unaona? Hizo ngazi za chini wanazokutisha nazo kama vile ni gereza, serikali imeziweka kuwa mahali pa upatanisho. Kanisa lingefurahi kuwa na kiti hapo. Na jambo moja la mwisho: madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ukimya una tarehe yake, na watoto wako watakuja kukuuliza.

Sasa alichosikia mke wangu. Nilipofika pale unapoandika kuhusu watoto wa baba mdogo alinisimamisha. "Rudia." Nikarudia. Akasema: "Hao watoto wameuza nini?"

Sina cha kuongeza kwenye swali hilo, zaidi ya kukuomba ulibebe. Shauri la shamba linaweza kuchukua miaka. Hili la watoto linaweza kwisha Jumamosi. Mwagize mdogo wako akawaite waje kula, ugali na mlenda vinatosha, wala usiwaeleze kitu. Wasibebeshwe ujumbe wa kupeleka kwa baba yao. Wale, wacheze, waende. Huo ndio upande wako hasa, binti yangu, ule ambao Paulo alisema ni wetu, na hakuna baraza litakaloufanya kwa niaba yako.

Na yule wa Kondoa. Umemtaja kwa dini yake, nami najua huko kijijini maneno yameshaanza kwamba "Waislamu wananunua ardhi yetu." Usiyape nafasi. Aliyeuza kinyemela ni Mkristo, mzee wa kanisa, ndugu wa baba yako. Huyu ametoa fedha yake, pengine ya miaka mingi, na sasa amekalia msingi wa mashaka. Yeye naye amedhulumiwa. Kabla hajapandisha ukuta, mfuateni, wewe na mama na mtu mzima mmoja, mumpe salamu yake, mumweleze kwa upole kwamba eneo lina shauri. Kumwacha ajenge mpaka kwenye renta halafu ndiyo mumtolee zuio, huo hautakuwa ujirani. Mwonyesheni heshima sasa, na siku ya usuluhishi atakuwa shahidi wa kweli: alionyeshwa mipaka na nani, alilipa nani, mbele ya nani.

Meza ya Bwana. Mathayo 5:23 inasema ukileta sadaka ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache, ukapatane kwanza. Mwenye kuambiwa aiache sadaka ni yule anayedaiwa neno. Kwa hiyo mstari huo unamgonga baba mdogo kabla haujakugonga wewe, na ningekuwa mchungaji wenu ningemwendea nyumbani kwake, sebuleni, milango imefungwa, nikamwambia hivyo. Lakini je, wewe hakuna mwenye neno juu yako? Wale watoto wanalo. Na kama umesema "mwizi" kisimani au kwenye kikundi cha akina mama kabla hujamwambia yeye mwenyewe, naye analo. Yasafishe hayo, kisha njoo mezani. Usingoje mpaka moyo uwe mtulivu kama maji ya mtungi. Sikuwahi kuwa hivyo, na nimegawa mkate miaka 31. Anayekuja akisema "Bwana, bado ninamwogopa na bado nina hasira, nisaidie", huyo Bwana humpokea. Anayekuja huku akipanga kisasi, huyo angoje.

Shikamoo nayo, anza nayo kesho. Kumwamkia baba mdogo hakumpi ardhi, wala hakuonyeshi umeshindwa. Ni baba yako huyo, damu ya baba yako, hata akiwa na kosa. Siku ya kwanza itatoka imekwama. Itoe hivyo hivyo. Asipoitikia, umeshaitoa, endelea na safari yako, na usiibadilishe njia.

Kuhusu kumwendea: Bwana alisema mwendee, wewe na yeye peke yenu, kisha ukishindwa chukua mmoja au wawili. Kwa desturi zetu binti hamkalishi baba mdogo peke yake akamwambia umekosa, na sidhani Bwana anakutaka uvunje adabu ili kutimiza andiko. Nia ya andiko ni kwamba asiaibishwe mbele ya watu kabla hajapewa nafasi ya faragha. Shangazi yupo? Dada yao, au yeyote aliyewahi kuwabeba wote wawili mgongoni. Mpitie huyo. Mweleze bila kumtukana mtu, akamsikilize kwanza ndugu yake peke yake. Akirudi na neno lolote, hata neno la hasira, hiyo ni njia. Akirudi bila neno, ndipo kikao cha ukoo na mchungaji, na baada ya hapo kijiji, na baada ya hapo kata. Kila ngazi mwambieni baba mdogo mapema kwamba mnapanda, asisikie kwa watu.

Fanyeni kabla ya mvua za Novemba. Mbegu zikishaingia ardhini hakuna mtu wa kukaa kikaoni, na kila anayelima kwenye kipande hicho atakuwa na madai mapya. Mkinialika nitakuja, ninajua basi la asubuhi. Naomba kikao kisikae nyumbani kwa baba mdogo wala kanisani. Kikae shambani, pale minyaa ilipong'olewa. Minyaa haifi kirahisi. Kwenye mizizi iliyobaki kutakuwa na machipukizi, na yatatuonyesha mstari ulipita wapi. Msiyaguse mpaka wazee wafike, na watoto muwaweke mbali, utomvu wake unaunguza macho.